Chama cha jamii ni ukabila?

1/ Watu wa Tseikuru, hii ni yetu. Kila mjadala, jamii ndogo ikiunda chama chake, jibu ni moja: "Huo ni ukabila." Hebu turudi 1938.

2/ Serikali ya kikoloni ilidai ng'ombe wa Wakamba wamezidi, wanaharibu udongo. Kule Machakos ikawachukua na kuwauza kwa lazima. Haikutaja kwamba malisho ya vilima vya Mua yalishapewa walowezi wazungu.

3/ Ukamba Members Association ikasimama. Maelfu, wake kwa waume, walitembea hadi Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, akafukuziwa Lamu. Lakini uuzaji wa lazima ukaachwa.

4/ Siri yao? Dai moja tu, mbele ya mwenye uamuzi. Mtu hakubanduka.

5/ Leo Kitui wengi ni sisi. Jirani zetu Watharaka ndio wachache. Ibara ya 56 ya Katiba ya 2010 inaagiza mipango ya kuwapa walio wachache nafasi katika uongozi. Wakija na dai lao, tutawaita wakabila? Babu zetu nao waliitwa wachochezi.