Hadithi za Kampala, Mitambo ya Kwingine

Moses ni mtoto mtundu, na shule anayosoma ina jina refu kuliko sifa zake: Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Wana wa Waungwana wa Kiafrika. Aliyemtunga ni Barbara Kimenye, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na kuandika magazetini Kampala. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 vituko vya Moses vilitoka kitabu baada ya kitabu, na wanafunzi wa Afrika Mashariki wakavisoma kwa kupokezana, chini ya dawati inapobidi. Mchapishaji alikuwa Oxford University Press, Nairobi.

Mbona si Kampala? Wachapishaji wa Uganda huishi kwa vitabu vya shule, kwa kuwa ndivyo vyenye mnunuzi wa uhakika. Hadithi ya kusomwa kwa raha hubaki bahati nasibu.

Mwandishi wa Uganda Jennifer Nansubuga Makumbi aliionja adha ya kukosa mchapishaji hata ughaibuni. Wachapishaji wa Uingereza waliukataa mswada wa Kintu, riwaya ya laana inayoanzia Buganda mwaka 1750, kwa madai kwamba umezidi Uafrika. Mwaka 2013 ukashinda shindano la miswada la Kwani?, mchapishaji wa Nairobi, ukawa kitabu mwaka uliofuata. Marekani ilikitoa 2017. Uingereza, iliyokuwa imekikataa, ikafuata 2018.

Dilman Dila, mzaliwa wa Tororo, mwandishi na mtengenezaji wa filamu, alijitwika mzigo mzito zaidi: mizimu, viumbe wa angani na sayansi iliyokwenda mrama. Katika hadithi yake moja, mbu waliotengenezwa maabara ili kuikomesha malaria wanageuka wala watu. Hofu hiyo haikuazimwa Hollywood. Ni ya mtu anayelala ndani ya chandarua. Mkusanyo wenye hadithi hiyo, A Killing in the Sun, ulitoka Afrika Kusini mwaka 2014. Kitabu The Future God of Love kikatolewa Uskoti mwaka 2021, na mkusanyo Where Rivers Go to Die Marekani mwaka 2023, ukaingia katika orodha ya wateule wa Tuzo ya Philip K. Dick.

Nchi tatu, vitabu vitatu, na hakuna hata kimoja kilichotoka kwa mchapishaji wa Kampala. Ni hasara ya wasomaji wa mji huo: mbu wa Dila wangefaa sana kusomwa chini ya dawati.