Kipimo cha Damu cha Mishipa Midogo ya Ubongo: Kinasema Nini na Hakisemi Nini

Ami yangu alitoka Mombasa akaja kukaa nasi hapa Kware baada ya kufiwa na mkewe. Alikuwa fundi wa kushona kanzu, mtu wa mazungumzo na hesabu za haraka. Baada ya miezi michache tukaanza kumwona akitembea kwa hatua fupi fupi, miguu kama inanata sakafuni. Ukimuuliza jambo, hunyamaza kwanza, kisha hujibu. Choo kikimshika hafiki. Ngazi za ghorofa ya nne zikamshinda. Majirani wakasema ni uzee. Jamaa wa nyumbani wakasema ametupiwa kitu.

Mimi kazi yangu ni maabara. Kwa hiyo ulipozunguka ujumbe wa simu kwamba sasa kuna kipimo cha damu kinachoonyesha maradhi ya ubongo, na jamaa wakataka tuchange pesa apimwe, niliulizwa mimi: je, ni kweli? Jibu langu lilikuwa refu, na nimeona niliandike huenda likawafaa wengine wenye wazee nyumbani.

Mishipa midogo ni ipi?

Damu hupanda ubongoni kwa mishipa mikubwa ya shingo. Hiyo hugawanyika tena na tena mpaka ikawa vijishipa vyembamba kuliko uzi, ambavyo hulisha sehemu za ndani kabisa, pale zinapopita nyuzi zinazounganisha upande mmoja wa ubongo na mwingine. Presha ikikaa juu miaka mingi, kuta za vijishipa hivi huwa nene na ngumu. Baadhi huziba, baadhi huvuja. Umri, sukari na sigara huongeza madhara.

Madhara huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kiharusi: katika viharusi vinavyotokana na mshipa kuziba, takriban kimoja kati ya vinne au vitano ni cha mishipa midogo. Ya pili ni ya polepole: mwendo kuharibika, fikra kuwa nzito, mtu kukosa hamu ya mambo, mkojo kumshinda, na mwisho dimenshia.

Sisi watu wa pwani jambo hili latuhusu sana. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya Dar es Salaam kama 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri, na kama 109 katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Kiwango cha Dar kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa duniani.

Viashiria vinavyotafutwa kwenye damu

Wataalamu wanafuatilia protini kadhaa. Inayotajwa zaidi huitwa NfL. Hii ni sehemu ya uzi wa ndani wa seli za fahamu. Uzi ukikatika, vipande vyake huingia kwenye maji ya uti wa mgongo, na kidogo sana hufika kwenye damu. Ni kidogo kiasi kwamba huhesabiwa kwa sehemu ya trilioni ya gramu, na mashine za kawaida za maabara zetu haziwezi kukisoma.

Ya pili ni GFAP, inayotoka kwenye seli zinazohudumia na kuzunguka mishipa ya ubongo. Ya tatu ni PlGF, iliyojulikana kwanza kwenye kondo la nyuma la mama mjamzito, nayo hupanda mishipa inapokuwa na shida. Marekani kuna mpango uitwao MarkVCID, ulioanza 2016, unaochunguza viashiria vya namna hii kwa watu ambao akili zao zimeathirika kwa sababu ya mishipa.

Ule ujumbe wa simu ulikuwa na ukweli ndani yake, lakini ulichanganya mambo. Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua maradhi ya Alzheimer kwa wenye umri wa miaka 55 na zaidi wenye dalili. Hicho hutafuta dalili za protini ya amiloidi ubongoni. Hakipimi mishipa midogo. Maradhi haya mawili mara nyingi hukaa kwa mtu mmoja, lakini si kitu kimoja.

Kwa nini havitoshi peke yake

NfL ikipanda, inakwambia seli za fahamu zinaumia. Haikwambii ni kwa nini. Hupanda kwa umri, kwa kiharusi cha aina yoyote, kwa pigo la kichwa, hata kwa figo zilizochoka, na mwenye presha ya miaka mingi mara nyingi figo zake pia zina shida. Ni kama moshi kwenye ploti yenye vyumba arobaini. Unajua kuna kinachoungua, hujui ni jiko la nani.

Kwa hiyo mpaka leo mishipa midogo hutambuliwa kwa dalili za mgonjwa pamoja na picha ya MRI, inayoonyesha madoa meupe, vishimo vidogo na alama za damu iliyovuja. Skani ya CT huona mabadiliko makubwa tu. Matumaini ya viashiria vya damu ni kwamba siku moja vitatusaidia kujua nani aharakishwe kwenye MRI na nani anaendelea vizuri na dawa. Kwa mitaa kama Kware, ambapo MRI ni mchango wa ukoo mzima, hilo litakuwa jambo kubwa.

Vipimo vya kufanya leo

Vipo vipimo vya damu vya kawaida vinavyofaa sasa: sukari, mafuta, figo, wingi wa damu, vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende na HIV. Baadhi ya hivi huonyesha maradhi yanayofanana na haya na yenye tiba.

Lakini kabla ya sindano yoyote, funga mkono upime presha. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa. Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda hapa hapa Nairobi, watafiti walikuta katika wenye presha, ni kama mmoja tu kati ya watano aliyejua kuwa anayo.

Na kuishusha kunasaidia ubongo. Utafiti wa Marekani uliotoa matokeo 2019, wenye watu 9,361, ulionyesha kwamba walioshushwa presha chini ya 120 walipata upungufu wa awali wa kumbukumbu na fikra kwa asilimia 19 pungufu kuliko walioshushwa chini ya 140, na madoa meupe yao yaliongezeka polepole zaidi. Kiwango cha kila mtu huamuliwa na daktari wake, maana mzee akishushwa kupita kiasi anaweza kuanguka.

Ami yangu presha yake ilikuwa 190 kwa 110. Hakuwa amewahi kupimwa. Mchango wa jamaa ulilipia skani na dawa badala ya kile kipimo, na skani ilionyesha mishipa midogo. Hakurudi alivyokuwa. Tumemhamishia chumba cha chini, anameza dawa kila siku, na tangu hapo hajaongeza kuharibika.

Mzee wako akibadilika mwendo au akawa mzito wa kujibu, usiseme ni uzee kabla ya kumpima presha. Na uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au ulimi ukawa mzito, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitali saa ile ile.