Chema chajiuza: Daktari kijana wa meno anavyojijengea jina

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika tiba ya kinywa na meno, usemi huo ni sehemu ya maadili ya kazi: daktari hutarajiwa kujulikana kwa utumishi wake, wala si kwa kujisifu mbele ya umma.

Hata hivyo, daktari aliyehitimu karibuni hana budi kujulikana. Asiyejulikana hapati wagonjwa. Anayejulikana kwa njia isiyofaa huweza kupoteza imani ya watu, na hata leseni yake.

Suala hili si la siku nyingi nchini. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, miaka miwili baada ya sheria ya hospitali binafsi ya mwaka 1977 kupiga marufuku utoaji wa tiba kwa lengo la kupata faida. Daktari wa enzi hizo aliajiriwa na Serikali au taasisi za dini, na jina lake lilibebwa na jina la hospitali.

Mwaka 1991 sheria hiyo ilirekebishwa na kliniki za kibiashara zikaruhusiwa tena. Ndipo jina la daktari mwenyewe likaanza kuwa mtaji.

Msingi wa jina hilo ni sifa halali. Mhitimu husoma miaka mitano, hufanya mazoezi ya kazi kwa mwaka mmoja chini ya usimamizi, kisha husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kujiita bingwa kabla ya kuupata ubingwa ni kosa linaloweza kumfuata mtu maisha yake yote.

Baada ya hapo, mazingira ndiyo mwalimu. Mathalani Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, habari za mganga husafiri kwa mdomo: sokoni Marangu Mtoni, kanisani na katika vikundi vya kuweka na kukopa. Mwezi Desemba, wenyeji waishio Dar es Salaam na Arusha wanaporejea nyumbani kwa sikukuu, habari hizo huvuka mipaka ya mkoa.

Katika mazingira kama hayo, mgonjwa mmoja aliyepigwa ganzi vizuri, akaelezwa gharama kabla ya kuanza tiba na kuulizwa hali yake siku iliyofuata, huwa na uzito kuliko bango la barabarani.

Aidha, daktari hujenga jina kwa kulijua tatizo la watu wake. Kanda ya kaskazini inafahamika kwa meno yenye madoa ya kahawia yatokanayo na madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, lakini sehemu kadhaa za ukanda huo zina maji yanayopita kiwango hicho.

Hata hivyo, maji si chanzo pekee. Watafiti wamewahi kukuta madoa makali mkoani Kilimanjaro hata mahali ambapo maji yana floraidi kidogo mno, na magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande yametajwa miongoni mwa vyanzo vinavyoshukiwa.

Madoa hayo hutokea jino linapokuwa bado linaumbika ndani ya taya, hivyo mswaki hauyaondoi. Daktari anayewaeleza hayo kina mama kliniki, au walimu shuleni, hukumbukwa kama mtu wa msaada. Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, inayoadhimishwa kila Machi 20, humpa nafasi nzuri ya kufanya hivyo.

Hapo pia ndipo ulipo mtego. Kijana anayeona haya kucheka hadharani huwa tayari kulipa chochote ili apate meno meupe. Madoa mepesi huweza kupunguzwa; makali huhitaji jino kufunikwa. Lakini jino zima likishasagwa ili livishwe kofia, halirudi tena lilivyokuwa. Daktari anayeahidi weupe kwa kila mtu huvuna fedha leo na lawama kesho.

Tahadhari nyingine ni picha za kinywa cha mgonjwa kabla na baada ya tiba, ambazo husambazwa mitandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ridhaa ya mgonjwa haina budi kupatikana kwanza, naye asishurutishwe kuitoa akiwa kitini na maumivu.

Mwisho, jina hulindwa kwa kujua kikomo. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kanda nzima. Daktari kijana anayempeleka huko mwenye uvimbe wa taya mapema, badala ya kung'oa jino moja baada ya jingine, hupoteza malipo ya siku hiyo. Lakini mgonjwa akipona, familia yake hurudi kwa daktari yule aliyemwambia ukweli.