Mwanya wa Valvu na Kabari Zake

Mwanya wa valvu ni ile nafasi nyembamba inayoachwa makusudi kati ya ncha ya shina la valvu na kipande kinachoisukuma ifunguke. Hupimwa valvu ikiwa imefunga kabisa, na kwa injini nyingi hupimwa injini ikiwa imepoa. Kwenye Peugeot 504 ya petroli yenye silinda nne, gari lililozoeleka katika safari za mbali nchini Kenya, mwanya huo ni milimita 0.10 kwa valvu ya kuingizia na milimita 0.25 kwa valvu ya ekzosi. Karatasi ya daftari ina unene wa kama milimita 0.1. Uzima wa valvu ya ekzosi, basi, umo katika nafasi isiyofika karatasi tatu.

Sababu ya kuiacha nafasi hiyo ni joto. Chuma kikipata moto hurefuka, na valvu hupata moto kuliko silinda hedi inayopozwa na maji. Ya ekzosi hurefuka zaidi, kwa kuwa hupitwa na gesi inayotoka kuungua, wakati mwenzake hupozwa na hewa mpya kila inapofunguka. Mwanya ukiwa mdogo mno, shina lililorefuka huegemea kile kipande kinacholisukuma na valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake. Hapo mgandamizo huvuja, na valvu nayo hukosa njia ya kutolea joto, maana hupoa hasa kwa kugusana na kiti. Ukingo wake huungua, kisha humegeka. Mwanya ukiwa mkubwa mno, injini hugonga kama cherehani, valvu huchelewa kufunguka na huwahi kufunga, na nguvu hupungua. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza ndilo baya zaidi, kwa sababu halina sauti. Mwenye gari husikia injini imetulia, akafurahi, huku valvu inaungua.

Gerejini, neno linalosikika si mwanya bali ni tapeti. Tapeti zinagonga, tapeti zimekaza, gari limeletwa kusetiwa tapeti. Hata kifuniko cha juu ya injini ni tapeti kava. Neno limerithiwa kutoka kwa mafundi wa Kiingereza, na kosa lililomo ndani yake ni lao pia. Tapeti ni kipande cha duara kinachokaa juu ya kemshafti. Katika 504 kemshafti iko ndani ya bloku. Inapozunguka huinua tapeti, tapeti huinua fimbo ndefu, fimbo husukuma roka, na roka ndiyo inayobonyeza valvu. Skrubu ya kurekebishia iko kwenye roka. Fundi aliyeshika bisibisi yake pale juu anasema anaseti tapeti, na tapeti zenyewe zimejificha chini, hajazigusa wala hazioni. Mwanafunzi wa ufundi anayelichukua neno kama lilivyo hutafuta kitu kisichokuwepo mbele yake, tena hajui kwamba anachokirekebisha si kipande cha chuma, ni nafasi.

Kwa nafasi hiyo Kiswahili kina maneno kadhaa, na si yote yanayofaa. Uwazi lingeonekana la kwanza, lakini uwazi wa valvu utaeleweka kuwa ni kiasi cha valvu kufunguka, nacho ni kipimo kingine kabisa, kinachohesabiwa kwa milimita nzima. Wafaransa na Wajerumani hutumia neno lenye maana ya mchezo, na Mswahili naye husema nati inacheza au usukani unacheza. Tatizo ni kwamba kwake kitu kinachocheza kimeharibika, ilhali nafasi hii ni ya lazima. Nafasi lenyewe ni sahihi ila ni pana mno: nafasi ya valvu yaweza pia kuwa mahali ilipo. Linalobaki ni mwanya. Mwanya ni upenyo kati ya vitu viwili vigumu vinavyokaribiana, kama meno mawili ya mbele, na kwenye meno huhesabiwa kuwa pambo, si ulemavu. Neno moja limebeba wembamba, ugumu wa pande zote mbili, na kwamba upenyo huo unastahili kuwepo. Hakuna sababu ya kutafuta jingine. Kuhusu valvu na vali, vitabu vya afya na fizikia hupendelea vali. Mafundi husema valvu, na makala hii inafuata mafundi.

Kuseti mwanya kwenye 504 kunahitaji bisibisi, spana ya nati ya kukazia, na filageji, yaani zile bapa nyembamba za chuma zilizoandikwa unene wake. Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na mpangilio huo humwambia fundi wapi pa kupima. Kranki huzungushwa kwa mkono mpaka valvu ya ekzosi ya silinda ya 1 ifunguke kabisa. Hapo husetiwa ya kuingizia ya silinda ya 3 na ya ekzosi ya 4. Ikifunguka ya ekzosi ya 3, husetiwa ya kuingizia ya 4 na ya ekzosi ya 2. Ikifunguka ya 4, ni zamu ya kuingizia ya 2 na ekzosi ya 1. Na ikifunguka ya 2, ni kuingizia ya 1 na ekzosi ya 3. Nati hulegezwa, skrubu huzungushwa kidogo kidogo, na bapa huvutwa katikati. Inapaswa kupita kwa kukwaruza, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu. Ikiteleza bila kugusa, mwanya umezidi. Baada ya nati kukazwa hupimwa tena, kwa sababu kule kukaza peke yake huweza kuisogeza skrubu.

Kwenye injini ya Toyota 1NZ-FE, inayoendesha Probox nyingi za barabara zetu, hakuna skrubu wala roka. Kemshafti iko juu na hubonyeza tapeti yenye umbo la kikombe iliyofunika ncha ya valvu. Mwanya ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa kuingizia, 0.25 hadi 0.35 kwa ekzosi, na ukikosewa dawa ni kubadilisha tapeti yenyewe kwa nyingine yenye unene tofauti. Ikiwa tapeti ya ekzosi ina unene wa milimita 5.30 na mwanya umepimwa 0.18, ili ufike 0.30 inatakiwa tapeti ya 5.18: unene wa zamani, kuongeza mwanya uliopo, kutoa unaotakiwa. Hapa msemo wa gereji unasema kweli, maana tapeti ndiyo inayoshughulikiwa. Injini zenye tapeti za haidroliki hujaza mwanya zenyewe kwa shinikizo la oili na hazisetiwi.

Chini ya roka, au chini ya kikombe, ndipo vilipo vishikizo vya valvu, na hapa vipande viwili mara nyingi huitwa kwa jina moja. Cha kwanza ni kisahani cha chuma kinachokaa juu ya springi, kina tundu katikati lililo pana juu na jembamba chini. Cha pili ni jozi ya vipande vidogo kama bomba lililopasuliwa, vinavyokumbatia shina kwenye mfuo wake na kuzama ndani ya tundu hilo. Springi husukuma kisahani juu. Kadiri inavyosukuma, ndivyo vipande vinavyobana shina. Kifaa cha namna hiyo Kiswahili kinakijua tangu zamani: ni kabari, ile ile anayotumia seremala kukazia mpini wa shoka. Kabari za valvu na kisahani cha springi ni majina yanayoonyesha kazi, na fundi akiyasikia hatazichanganya sehemu hizo anapoagiza vipuri.

Kabari iliyolika au kisahani chenye ufa hubadilishwa bila kusubiri. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde moja. Kabari ikiponyoka, valvu hudondokea juu ya pistoni. Kazi yaweza kufanywa bila kufungua silinda hedi. Kamba safi huingizwa kwenye tundu la plagi, ncha moja ikibaki nje, na kranki huzungushwa taratibu mpaka pistoni iibane kamba dhidi ya valvu. Springi hubanwa kwa kibanio, kabari hunaswa kwa sumaku, na matundu ya oili huzibwa kwa kitambaa kwanza, kwani kabari iliyodondoka humo inaweza kulazimu injini ifunguliwe. Sili ya shina hubadilishwa wakati huo huo kama gari limekuwa likitoa moshi wa buluu. Kabari mpya hupakwa grisi kidogo ili zishike shina, springi huachiwa polepole, na kisahani hugongwa kidogo kwa nyundo ya plastiki ili zikae.

Kabari mpya huenda zikazama zaidi zikishaanza kazi. Kwa hiyo, kamba ikishatolewa, kranki huzungushwa kwa mkono duru kadhaa, na mianya yote hupimwa upya kabla tapeti kava halijarudishwa.