Juu ya Kufundisha Irabu Zifuatanazo Katika Nchi ya Usukuma

Kila mwalimu aliyepata kufundisha darasa la kwanza kando ya Ziwa Viktoria amekutana na neno dogo lililomshinda mtoto mwerevu. Mtoto husoma ba, be, bi, bo, bu pasipo kusita. Husoma kalamu na kitabu. Hata afikapo penye kaa, njaa au dagaa, irabu ya mwisho humpotea. Dagaa anawajua tangu kuzaliwa, maana huanikwa mbele ya nyumba yao. Lakini katika kitabu husoma "daga". Nataka kueleza kwa ufupi asili ya shida hii, na dawa niliyoiona, kwa kuwa watoto wengi wamehesabiwa wajinga kwa sababu yake.

Neno lenyewe irabu ni la Kiarabu. Watoto wa pwani walijifunza kusoma kwa herufi za Kiarabu kwa miaka mingi kabla ya herufi za Kirumi kuletwa. Lakini Kiarabu kina alama tatu tu za irabu: ya a, ya i na ya u. Basi e iliazima alama ya i, na o iliazima ya u. Kwa maandishi hayo kuoa na kuua yalifanana, na msomaji alipaswa kutambua kwa maana ya habari kama bwana yule anaoa au anaua. Baadaye wanachuoni wa pwani walibuni alama za e na o ili kuondoa mashaka hayo.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Steere alifika Unguja mwaka 1864. Kitabu cha Steere cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Katika maandishi ya wamisheni ikakaa kanuni hii: konsonanti zitamkwe kwa desturi ya Kiingereza, na irabu kwa desturi ya Kitaliano. Hivyo tukapata irabu tano, kila moja na sauti yake moja isiyobadilika. Neema hiyo si ndogo. Mtoto wa Kiingereza hana.

Kusoma kulifika ziwani mapema. Wamisheni wa CMS walifika Kageyi, pwani ya kusini, mwaka 1877. Mapadre Weupe walianzisha misheni ya Bukumbi mwaka 1883. Naye Mackay, aliyechonga herufi za mti ili kupiga chapa karatasi za kusomea, alifariki Usambiro mwaka 1890. Mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, nayo ikasimamia tahajia moja juu ya msingi wa Kiunguja. Mwaka 1967 Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania. Mwaka 1968 kazi kubwa ya kuwafundisha watu wazima kusoma, iliyosaidiwa na UNESCO, ilianzishwa katika mikoa ya ziwa, na makao yake yakawa Mwanza. Vitabu vyake vilihusu pamba, ndizi, uvuvi na ng'ombe. Na mwaka 2015 muhtasari mpya wa madarasa mawili ya kwanza uliweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu.

Katika mabadiliko hayo yote, safu ya silabi haikuondoka ubaoni. Yafaa sana, maana silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Lakini ina upungufu mmoja. Kila mstari huanza kwa konsonanti, ila mstari wa kwanza tu, yaani a, e, i, o, u. Na mstari huo huimbwa siku za kwanza, kisha huachwa. Mtoto hujifunza, pasipo kuambiwa na mtu, kwamba irabu haisimami peke yake. Basi aonapo irabu ya pili haina konsonanti mbele yake, huiona kama kosa la mwandishi.

Kwa mtoto wa Kisukuma liko jambo la pili. Kisukuma kina irabu saba, nazo zaweza kuwa fupi au ndefu. Irabu ndefu, ingawa ni ndefu, ni silabi moja. Kiswahili sivyo. Herufi mbili zikifuatana ni silabi mbili, na ushahidi wake ni mkazo. Katika alikata mkazo u juu ya ka. Katika alikataa umehamia juu ya ta, kwa sababu a ya mwisho imehesabiwa silabi kamili.

Neno hilo ndilo lililonifundisha mimi. Katika miaka yangu ya kwanza ya kazi nilimpa msichana mmoja kusoma: "Juma alikataa mkate." Akasoma, "Juma alikata mkate." Nikamwuliza Juma alifanya nini. Akajibu, "Alikata kwa kisu, Mwalimu." Darasa likacheka, nami nikamhamishia benchi la nyuma pamoja na wale niliowaita wazito. Juma lile bibi yake akaja shuleni. Baada ya salamu akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu ndiye anihesabiaye fedha za dagaa sokoni, wala hajanipotezea hata senti. Mtu huyo awezaje kuwa mjinga?" Sikuwa na jibu. Mtoto alikuwa amesoma sentensi yenye maana, akaijibu kwa maana. Mjinga alikuwa mwingine.

Siku ya pili nilimwita mbele, nikamwuliza, "Kwenu njaa mwaiitaje?" Akasema, "Nzala." Nikamwambia apige kofi kwa kila silabi, akapiga mawili, nza-la. Nikasema, "Sasa iondoe l, lakini usiondoe kofi." Akapiga, nja-a. Tukafanya vivyo hivyo kwa mbula, akapata mvu-a. Na kwa -lila, akapata li-a. Mwisho wa juma alirudi benchi la mbele.

Hii si hila ya mwalimu tu, bali ni historia ya lugha. Katika maneno mengi Kiswahili kilipoteza l ya kale iliyokuwa kati ya irabu mbili, hali Kisukuma kiliihifadhi. Kiganda nacho kina enjala. Hata katika Kiswahili chenyewe l hiyo haikufa kabisa: twasema zaa, lakini zaliwa, twaa, lakini twaliwa, fungua, lakini funguliwa. Si kila irabu mbili zimetoka huko, maana dua na kofia ni maneno ya kigeni. Lakini kofi la kila irabu lafaa kwa yote.

Basi nawashauri walimu wenzangu wauongeze ubaoni mstari mmoja: aa, ai, au, ea, ia, oa, ua, na kabla ya kumwita mtoto mzito, wamwulize neno hilo kwao huitwaje. Mara nyingi herufi anayoikosa kitabuni aliiacha nyumbani kwa bibi yake.