Bei ya Nyumba na Maelezo Yasiyosomwa

Hadi miaka ya 1980, Mmarekani aliyeuliza kama nyumba zimepanda bei alitajiwa, mara nyingi, bei ya katikati ya nyumba zote zilizouzwa mwezi huo. Kipimo hicho kilikuwa na kasoro ya wazi. Mwezi ambao matajiri wengi wameuza majumba yao, namba ilipaa; mwezi ambao wanunuzi wengi ni vijana wanaoanza maisha, ilishuka. Huenda hakuna nyumba hata moja iliyokuwa imebadilika thamani.

Karl Case wa Chuo cha Wellesley na Robert Shiller wa Chuo Kikuu cha Yale waliirudia njia iliyopendekezwa mwaka 1963 na Martin Bailey, Richard Muth na Hugh Nourse: nyumba ilinganishwe na yenyewe. Ikiuzwa leo, itafutwe bei iliyouziwa mara ya mwisho, na tofauti ndiyo ihesabiwe. Mwaka 1987 walichapisha matokeo ya Atlanta, Chicago, Dallas na San Francisco. Katika kumbukumbu za karibu nyumba milioni moja walibakiza zipatazo 39,000 tu, kwa kuwa nyumba iliyouzwa mara moja haina cha kulinganishwa nacho, na iliyoongezwa vyumba si ile ya awali.

Uchujaji huo ndio uliozaa fahirisi inayobeba majina yao hadi leo, na pamoja nayo kijitabu cha masharti ambacho wanunuzi wachache wamewahi kukifungua. Nyumba mpya hazimo. Fleti zinahesabiwa kando. Mauziano ya ndugu kwa ndugu huondolewa. Namba ya kila mwezi ni wastani wa miezi mitatu, nayo hutangazwa ikiwa imechelewa kwa miezi miwili, kwa hiyo kinachosikika redioni mwishoni mwa Mei kina mauzo ya Januari ndani yake. Hakuna siri hapo, yote yameandikwa.

Mei 2006, soko la Chicago lilianza kuuza mikataba iliyofungamanishwa na fahirisi hiyo, ili watu waweze kujikinga na mshuko wa bei au kuubashiria. Mwaka huohuo bei zilifika kileleni. Kufikia mwanzoni mwa 2012, fahirisi ya nchi nzima ilikuwa imeporomoka kwa zaidi ya robo. Julai 2005, Ben Bernanke, aliyekuwa mshauri mkuu wa uchumi wa Ikulu ya Marekani, alikuwa amesema kwenye televisheni kwamba bei za nyumba hazijawahi kushuka nchi nzima. Ukweli wa kauli hiyo ulitegemea kumbukumbu zinaanzia wapi. Katika mdororo mkuu wa miaka ya 1930 zilishuka, na mwaka huo wa 2005 Shiller alichapisha mfululizo wa bei unaoanzia 1890.

Kisha ikaja Zillow. Mwaka 2006 kampuni hiyo ya Seattle ilianza kumwonyesha kila mwenye intaneti makadirio ya bei ya mamilioni ya nyumba, bila mpimaji kuingia ndani. Mwanzoni kosa la kawaida lilikuwa karibu asilimia 14. Kufikia 2017 lilikuwa limepungua hadi asilimia 5 hivi. Kampuni iliandika wazi kwamba makadirio hayo si tathmini rasmi. Mkurugenzi wake wa wakati huo, Spencer Rascoff, alionja maana ya sentensi hiyo: Februari 29, 2016 aliuza nyumba yake kwa dola 1,050,000, na kesho yake tovuti ya kampuni yake ikaikadiria kuwa ya dola 1,750,405.

Watu walicheka, basi. Lakini mwaka 2018 Zillow iliingia yenyewe katika biashara ya kununua nyumba na kuziuza tena, ikianzia Phoenix, na Februari 2021 ikaanza kutumia makadirio yake kama ofa ya kwanza ya fedha taslimu kwa baadhi ya nyumba. Kukadiria bei ya leo ni kazi moja. Kujua bei ya miezi mitatu hadi sita ijayo ni nyingine kabisa, na faida ya mchuuzi wa nyumba imo katika hiyo ya pili. Novemba 2, 2021 biashara hiyo ilitangazwa kufungwa. Katika robo moja ya mwaka kampuni ilifuta vitabuni dola milioni 304 za thamani ya nyumba zake, na karibu robo ya wafanyakazi wakapoteza kazi.

Wakati huo wazo la kuandika mipaka ya data lilikuwa tayari limeanza kupata watetezi. Mwaka 2018 Timnit Gebru, mtafiti wa akili mnemba mzaliwa wa Addis Ababa, na wenzake walipendekeza kila seti ya data iambatane na waraka, kama vipuri vya elektroniki vinavyouzwa na karatasi ya vipimo.

Sasa msomaji wa waraka wa aina hiyo amebadilika. Katika utaratibu wa wazi wa kuunganisha akili mnemba na vyombo vya nje, ambao kampuni ya Anthropic iliutoa Novemba 2024, programu husoma maelezo mafupi ya kila chombo, huchagua kimoja, na kukitumia. Dalali wa Phoenix anaweza kuitilia shaka namba kwa sababu anaujua mtaa. Wakala wa akili mnemba, yaani programu hiyo, anategemea zaidi alichoandikiwa. Chombo cha kutabiri bei za nyumba ambacho maelezo yake hayasemi data iliishia mwezi gani, nyumba zipi zimeachwa nje na utabiri unafika umbali gani, hakifai kukabidhiwa wakala huyo, hata kikijibu kwa sekunde moja.