Tezi dume si jina la ugonjwa: mkojo wa mwanaume umri unaposogea

Msikilizaji wetu, kuna swali tunalolipokea mara kwa mara kupitia simu na ujumbe mfupi: "Mzee wetu ana tezi dume, tufanyeje?" Tumeona tuliandike jibu lake hapa, ili ulisome kwa nafasi yako na umsomee asiyeona vizuri.

Tuanze na neno lenyewe. Kila mwanaume ana tezi dume, kama kila mtu alivyo na moyo na ini. Amezaliwa nayo. Ni kiungo, si ugonjwa. Kiungo hicho kinaweza kupata shida tatu kubwa: kinaweza kukua kwa sababu ya umri, kinaweza kupata maambukizi, na kinaweza kupata saratani. Shida hizo tatu zina tiba tofauti. Tukiziita zote "tezi dume", wengine wanatishika kwa jambo linalotibika kwa vidonge, na wengine wanakaa nyumbani na saratani wakisema ni uzee tu.

Iko wapi na inafanya kazi gani

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, ndogo kuliko ndimu.

Mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu unapita katikati ya tezi hiyo, na hapo ndipo shida inapoanzia. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliopita ndani ya ngumi. Ngumi ikikaza, maji yanatoka kidogo kidogo hata kama bomba limefunguliwa lote.

Umri unabadilisha nini

Kuanzia miaka ya 40 na kuendelea, tezi dume ya wanaume wengi huanza kukua taratibu, na homoni za kiume zinahusika. Wanaume wanapofika miaka 60, karibu nusu yao wana tezi iliyokua. Wakipita 85, ni karibu 9 kati ya 10. Hata hivyo, si wote wanaopata shida. Mwingine ana tezi kubwa na anakojoa vizuri, na mwingine ina ukubwa wa kati lakini imebana mrija.

Kukua huku si saratani, na hakugeuki kuwa saratani. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, ndiyo maana vipimo vinahitajika.

Kibofu nacho kinazeeka. Kuta zake hazinyumbuki kama zamani, kinabeba mkojo kidogo zaidi, na kinaweza kubana kabla hakijajaa. Tena uzeeni mwili hutengeneza mkojo mwingi zaidi usiku kuliko ulivyokuwa ujanani. Kwa hiyo mzee wa miaka 65 akiamka mara moja usiku kwenda haja ndogo, hilo peke yake si ugonjwa. Akiamka mara mbili, tatu au zaidi na kukosa usingizi, aende akaangaliwe.

Tezi ikibana kwa muda mrefu, kibofu hulazimika kusukuma kwa nguvu, na mwishowe huchoka. Mkojo unaobaki ndani huleta maambukizi na mawe, na ukirudi nyuma huharibu figo. Hii ndiyo hasara ya kuvumilia miaka mingi.

Maswali saba ya kujipima

Madaktari duniani hutumia maswali saba kupima ukubwa wa shida. Fikiria mwezi mmoja uliopita, kisha jiulize ni mara ngapi:

1. Ulimaliza kukojoa ukahisi bado mkojo umebaki?
2. Ulirudi kukojoa kabla ya saa mbili kupita?
3. Mkojo ulikatika ukaanza tena, ukakatika tena?
4. Ulibanwa na mkojo ikawa vigumu kujizuia?
5. Mkojo ulitoka kwa nguvu ndogo?
6. Ulilazimika kujikamua ili mkojo uanze kutoka?
7. Usiku uliamka mara ngapi kukojoa?

Kwa maswali sita ya kwanza, jipe 0 kama haijatokea kabisa, 3 kama ni karibu nusu ya mara zote, na 5 kama ni karibu kila mara; 1, 2 na 4 ni za katikati. Kwa swali la saba, andika idadi ya mara ulizoamka, mwisho 5. Jumlisha. Alama 0 hadi 7 ni shida ndogo, 8 hadi 19 ni ya kati, na 20 hadi 35 ni kubwa. Ukifika 8, nenda kituo cha afya na karatasi yako. Itamsaidia mtaalamu, na wewe itakupunguzia maelezo marefu.

Alama hizi hazisemi kama una saratani au huna. Zinasema mkojo unakusumbua kiasi gani.

Si kila shida ya mkojo inatoka kwenye tezi dume

Kisukari humfanya mtu akojoe mara nyingi na kuwa na kiu. Kichocho, ambacho kipo sana maeneo ya Ziwa Victoria na pwani, huleta damu kwenye mkojo, na kikikaa miaka mingi bila tiba kinaweza kusababisha saratani ya kibofu. Kisonono cha zamani au ajali vinaweza kuacha kovu linaloziba mrija. Dawa za presha za aina ya kukojosha huongeza safari za chooni. Na baadhi ya dawa za mafua na mzio, Piriton ikiwemo, zinaweza kumfungia mkojo kabisa mzee ambaye tezi yake imekua. Ukienda duka la dawa, sema kwanza kwamba una shida ya mkojo.

Saratani ya tezi dume

Hapa tunaomba umakini wako. Saratani hii mara nyingi huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija. Kwa hiyo mwanzoni inaweza isilete dalili yoyote. Mwanaume anakojoa vizuri huku saratani inakua.

Mwaka 2022 wanaume zaidi ya milioni 1.4 duniani waligundulika kuwa nayo, na karibu 400,000 walifariki. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Hatari inaongezeka kwa umri, kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwa mwanaume ambaye baba yake au ndugu yake wa kiume wa kuzaliwa naye aliugua. Nyingine hukua polepole sana, nyingine kwa haraka.

Ikisambaa, hupenda kwenda kwenye mifupa. Maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha, kukonda bila sababu, na damu kwenye mkojo au shahawa ni dalili za kwenda hospitali bila kungoja.

Madaktari wengi hushauri mwanaume azungumze na mtaalamu kuhusu vipimo akifika miaka 50, na akifika 45 au kabla ya hapo kama kuna aliyeugua kwenye ukoo wa karibu.

Utapimwa nini

Utaulizwa maswali, utapimwa mkojo, sukari na figo. Kisha kuna kipimo cha damu kinachoitwa PSA. Kiwango chake kikiwa juu, haina maana kwamba una saratani. Tezi iliyokua, maambukizi, mpira wa mkojo, hata tendo la ndoa la siku moja au mbili kabla ya kipimo, vyote vinaweza kukipandisha. Nacho kikiwa chini hakiondoi shaka kwa asilimia mia. Ndiyo maana daktari haamui kwa PSA peke yake.

Kipimo kinachoogopwa zaidi ni cha kidole. Daktari huvaa glovu, hupaka mafuta maalumu, na huingiza kidole kwenye njia ya haja kubwa ili kugusa tezi: je, ni laini, au ina sehemu ngumu kama jiwe? Hakichukui hata dakika moja. Hakipunguzi uanaume wa mtu.

Baadaye unaweza kupimwa kwa altrasaundi. Kukiwa na shaka ya saratani, kinachukuliwa kinyama kidogo kwa sindano na kupelekwa maabara. Hicho ndicho kinachothibitisha.

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, upewe rufaa ikibidi. PSA na altrasaundi kwa kawaida vinapatikana kuanzia hospitali ya wilaya kwenda juu. Madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo wapo hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando. Tiba ya mionzi inapatikana Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo aulize ofisi ya kijiji na ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa malipo.

Tiba

Kama tezi imekua na shida ni ndogo, unaweza kufuatiliwa tu bila dawa. Shida ikiwa ya kati, kuna vidonge vya kulegeza misuli ya eneo hilo, mfano tamsulosini, vinavyoanza kusaidia ndani ya siku au wiki chache. Vinaweza kuleta kizunguzungu, kwa hiyo inuka kitandani taratibu. Kuna vingine vya kupunguza ukubwa wa tezi, mfano finasteridi, ambavyo huhitaji miezi sita hivi ili vifanye kazi vizuri, na kwa baadhi ya wanaume hupunguza hamu ya tendo la ndoa. Usiviache kimyakimya, mweleze daktari.

Dawa zikishindwa, kuna upasuaji. Mara nyingi hufanywa kwa kifaa kinachopitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Baada yake, wanaume wengi shahawa zao hurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje, lakini wengi wao hubaki na nguvu zao.

Saratani ikiwahiwa inaweza kutibiwa kwa upasuaji au mionzi ikapona. Inayokua polepole inaweza kufuatiliwa kwa vipimo. Ikishasambaa, tiba ya homoni huizuia kwa muda na kupunguza maumivu.

Unachoweza kufanya nyumbani

Usiache kunywa maji, hasa unayelima juani. Punguza tu saa mbili tatu kabla ya kulala. Punguza pombe, kahawa na chai ya jioni. Kula mboga na matunda usipate choo kigumu. Ukimaliza kukojoa, subiri kidogo, jaribu tena. Kama choo kiko nje, weka kopo au ndoo karibu na kitanda, na tochi, kwani wazee wengi huanguka gizani.

Kuhusu dawa zinazotangazwa kwamba zinamaliza tezi dume kwa siku chache: hakuna dawa ya kuitibu saratani ambayo haijapimwa. Ukizitumia kabla ya kujua unaumwa nini, unapoteza miezi ambayo ungekuwa unatibiwa.

Hizi ni dharura

Nenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku, ukiona moja kati ya haya:

- Mkojo umefunga kabisa, tumbo la chini limejaa na linauma. Usinywe maji mengi eti usukume. Hospitali wataweka mpira, na nafuu huja ndani ya dakika chache.
- Homa na kutetemeka pamoja na maumivu wakati wa kukojoa.
- Mkojo wenye mabonge ya damu.
- Miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, hasa pamoja na maumivu ya mgongo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kina mama, mara nyingi ninyi ndio mnaojua baba anaamka mara ngapi usiku. Mwambieni twende wote. Na wewe baba, kama unaona aibu kueleza mbele ya watu waliopanga foleni, sema tu dirishani, "Nina shida ya mkojo." Hayo mengine utamweleza mtaalamu ndani, mlango ukiwa umefungwa.